Maabara ya nyumbani kwa mtahiniwa wa CCNA: Packet Tracer, mashine pepe, Cisco za mitumba au MikroTik?

Mtu anayejiandaa jijini Nairobi kwa mtihani wa CCNA, cheti cha msingi cha mitandao cha kampuni ya Cisco, hukutana mapema na swali ambalo vitabu vya masomo havimjibu: je, afanyie mazoezi kwenye programu ya bure, anunue tarakilishi yenye nguvu ya kuendeshea ruta pepe, ashuke Luthuli Avenue kutafuta swichi na ruta zilizokwisha kutumika, au achukue vifaa vya MikroTik ambavyo mafundi wengi wa intaneti mitaani huvishika kila siku? Kila njia ina watetezi wake, na aghalabu mtu hutetea ile aliyoipitia mwenyewe. Ulinganisho huu unazipima zote nne kwa vipimo vilevile, kwa ajili ya msomaji mwenye fedha za njia moja au mbili, si zote.

Jambo moja litangulie. Ada ya CCNA ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi, ambazo kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola zinakaribia shilingi 38,700. Fedha hizo zitengwe kabla ya kununuliwa hata kebo moja, kwa sababu wapo wanaomaliza akiba kwenye vyuma kisha wakaahirisha mtihani mwezi baada ya mwezi wakitafuta ada.

Vipimo vitakavyotumika

Kipimo cha kwanza ni mada. Mtihani wa 200-301, ambao toleo lake la 1.1 lilianza kutumika tarehe 20 Agosti 2024, una sehemu sita: misingi ya mitandao asilimia 20, ufikiaji wa mtandao (humo ndimo VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja katika midogo; EtherChannel, ya kuunganisha kebo kadhaa ziwe kiungo kimoja; STP, inayozuia mizunguko kati ya swichi; na Wi-Fi) asilimia 20, muunganisho wa IP asilimia 25, huduma za IP asilimia 10, misingi ya usalama asilimia 15, na uendeshaji wa mtandao kwa programu asilimia 10. Kifaa kisichogusa sehemu fulani si kibaya kwa sababu hiyo, lakini mnunuzi ajue pengo liko wapi na atalijaza kwa nini.

Kipimo cha pili ni uhalisia, yaani iwapo kifaa hujibu amri na hukumbwa na hitilafu kama kile ambacho mwanafunzi atakikuta kazini. Cha tatu ni gharama yote, si bei ya dukani peke yake: kebo, leseni, usafirishaji, na kiasi kitakachorudi siku ya kuuza. Cha nne ni makao, kwani mtu anayeishi bedsita Roysambu na jirani aliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja hawezi kuamua kama mwenye chumba cha ziada. Cha tano ni manufaa baada ya mtihani, na hapa soko la kazi la Nairobi lina sauti yake.

Packet Tracer

*Gharama.* Programu hii ya Cisco hutolewa bure kwa yeyote aliyejisajili katika Cisco Networking Academy, na ina matoleo ya Windows, Ubuntu na macOS. Laptopu ya kawaida yenye gigabaiti 4 za RAM huiendesha. Kilichobaki ni bando la kuipakua.

*Mada na uhalisia.* Packet Tracer huigiza tabia za vifaa. Haiendeshi IOS yenyewe, yaani mfumo endeshi wa vifaa vya Cisco. Amri ambazo watengenezaji waliziweka zipo, na ambazo hawakuziweka hazipo, hata kama kitabu kinazitaja. Kwa kiwango cha CCNA upungufu huo hutiwa chumvi kuliko unavyostahili, kwani VLAN, trunk (kiungo kinachobeba VLAN kadhaa), STP, EtherChannel, OSPF (itifaki ya ruta kupashana njia), NAT (kubadili anwani za ndani ziwe za nje), ACL (orodha za kuruhusu au kuzuia pakiti), DHCP (kugawa anwani za IP), ulinzi wa poti na hata kidhibiti cha Wi-Fi chenye kurasa zake za mipangilio vyote vimo. Tena ina jambo ambalo vyuma haviwezi kulifanya: pakiti husimamishwa katikati ya safari, ikabofywa, ikafunguka tabaka kwa tabaka. Mwanafunzi anayeituma kutoka VLAN moja hadi nyingine ataona anwani ya MAC ikibadilika kila inapovuka ruta, huku anwani ya IP ikibaki ileile, na baada ya hapo hahitaji kukariri kazi ya ARP, itifaki inayotafuta anwani ya MAC ya anwani fulani ya IP.

Udhaifu wake ni kwamba mambo yamenyooka kupita kiasi. Amri nyingi za debug hazimo, matokeo ya baadhi ya amri za show yamefupishwa, na hitilafu hazijitokezi zenyewe: kebo haichakai, feni haizimiki, mtu hapiti akachomoa waya kwa mguu. Ruta zake pia hazipitishi pakiti za mtandao halisi wa nyumbani, kwa hiyo mwanafunzi hujifunza NAT bila kuona simu yake ikitoka nje kupitia ruta aliyoisanidi.

*Makao na stima.* Hakuna la kusema, ila kwamba laptopu yenye betri nzima huvumilia stima ikipotea.

*Baada ya mtihani.* Thamani yake hushuka haraka mara mtu anapoanza kusomea ngazi ya juu au kuajiriwa.

*Inamfaa nani.* Anayeanza kabisa, mwanafunzi wa chuo asiye na fedha, na yeyote ambaye hajajua kama mitandao ndiyo njia yake. Inawezekana kabisa kufaulu CCNA kwa Packet Tracer pekee, na anayekwambia vinginevyo huenda ana swichi anayotaka kukuuzia.

Tarakilishi moja ya kuendeshea mashine pepe

Hapa mwanafunzi hanunui ruta, bali tarakilishi yenye RAM ya kutosha, kisha anaendesha IOS yenyewe ndani yake kwa Cisco Modeling Labs (CML), GNS3 au EVE-NG.

*Gharama.* Tarakilishi za mezani zinazouzwa katikati ya jiji kwa jina la "ex-UK" ndizo chaguo la wengi, na umbo lake ni muhimu kuliko mwaka wake. HP EliteDesk 800 G2 na Dell OptiPlex 7050 za umbo la SFF (kasha dogo la mezani) zina nafasi nne za RAM na hupokea hadi gigabaiti 64, ilhali zile ndogo zinazofungwa nyuma ya skrini zina nafasi mbili tu. Kwa CCNA gigabaiti 16 zinatosha na 32 ni starehe: ruta pepe ya IOSv hula takriban nusu gigabaiti na swichi pepe ya IOSvL2 zaidi kidogo, lakini ruta ya kisasa ya Catalyst 8000V peke yake hudai gigabaiti 4.

Kisha kuna leseni. CML-Personal huuzwa dola 199 kwa mwaka, karibu shilingi 25,700, na huruhusu nodi 20, yaani vifaa pepe 20 vinavyowaka kwa pamoja. Lipo pia toleo la bure la nodi 5, ambalo halihesabu swichi za kawaida zisizosanidiwa wala kiunganishi cha kutokea nje, na nodi 5 zinatosha mazoezi mengi ya CCNA zikipangwa kwa akili. GNS3 na toleo la jumuiya la EVE-NG ni bure, lakini haziji na IOS. Hapo ndipo wengi huingia kwenye nakala za wizi, ambazo mbali na kukiuka leseni hupakuliwa kutoka mahali ambapo hakuna anayejua kilichofichwa ndani. Njia halali ni kutumia mifumo ya ruta inayotolewa bure kama VyOS, FRRouting au MikroTik CHR kwa dhana za jumla, na kuiachia CML kazi ya Cisco.

*Mada na uhalisia.* Amri zote zipo kwa sababu IOS ndiyo inayojibu. Badilisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) upande mmoja wa kiungo cha OSPF na ujirani utakwama kwenye hali ya EXSTART, jinsi utakavyokwama kazini. Fungua Wireshark, programu ya kunasa pakiti, juu ya kiungo hicho na utaziona pakiti zikirudiarudia bila kukubaliana. Zoezi la namna hiyo hufundisha kuliko kurasa kumi za maelezo. Kwa sehemu ya uendeshaji kwa programu njia hii inazishinda nyingine zote: nodi ya Linux yenye Ansible na Python hukaa ndani ya topolojia ileile na ruta ya IOS XE, kizazi kipya cha IOS, inayojibu maombi ya RESTCONF, yaani kusanidiwa kwa maombi ya wavuti.

Yasiyopatikana ni ya kushikika kwa mkono: aina za kebo, PoE (stima kupitia kebo ya mtandao), taa za poti, na makosa yanayoletwa na duplex (namna ya kutuma na kupokea) isiyolingana. Wi-Fi nayo haiwezi kufanyiwa mazoezi ya maana humo.

*Makao na stima.* Mashine moja, kelele kidogo, kebo moja ya stima. Tatizo ni kuzimika ghafla, kwa maana mashine pepe zilizokatwa katikati ya kuandika diski huweza kuharibika. UPS ndogo hulitatua, au mtu anunue laptopu. Anayenunua laptopu ahakikishe RAM yake haikuchomelewa kwenye ubao, na ajue kwamba MacBook za chipu za M1 na zilizofuata hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa CML na EVE-NG hutegemea vichakataji vya x86, vya aina ya Intel na AMD.

Kuna ukaguzi ambao lazima ufanyike dukani kabla ya kulipa. Washa tarakilishi, ingia BIOS, utafute VT-x, chaguo linalowezesha kichakataji kuendesha mashine pepe. Nyingi za tarakilishi hizi zilitoka ofisini. Nyingine chaguo hilo limezimwa, na nyingine BIOS imefungwa kwa nywila ya kampuni iliyoziuza. Mashine ya aina hiyo ya mwisho, hata iwe rahisi vipi, haina kazi kwako. Jua vilevile kwamba CML haiungi mkono VirtualBox. Huwekwa moja kwa moja kwenye mashine au ndani ya VMware Workstation Pro, ambayo tangu Novemba 2024 ni bure kwa kila mtu.

*Baada ya mtihani.* Ndiyo njia yenye maisha marefu zaidi. Mashine ileile itatumika kwa CCNP, cheti cha Cisco cha ngazi inayofuata, kwa Linux, kwa seva na kwa kazi za kawaida, na siku ya kuuza mnunuzi wake si lazima awe mwanafunzi wa mitandao.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha kuzoea amri za msingi, anayelenga kuvuka ngazi ya CCNA, na anayehitaji tarakilishi kwa shughuli nyingine hata hivyo. Anayeanza kutoka sifuri huweza kupoteza wiki nzima akisanidi maabara badala ya kusoma.

Swichi na ruta za Cisco za mitumba

*Gharama.* Bei haina kibandiko. Swichi ileile huweza kutajwa kwa bei mbili zilizotofautiana sana katika maduka yanayotazamana, kwa hiyo mwenye haraka ndiye anayelipa zaidi. Maabara ya kutosha ni swichi mbili au tatu na ruta mbili. Juu yake ongeza kebo ya konsoli (ya kuingilia kifaa moja kwa moja), adapta ya USB ya kuiunganisha na laptopu, kebo za stima, na mara nyingine kadi ya CompactFlash, kwa maana ruta za 1841, 1941 na 2901 huhifadhi IOS kwenye kadi hiyo na zingine huuzwa ikiwa imeshachomolewa. Anayeagiza kutoka ng'ambo akumbuke kwamba ni chuma cha kilo kadhaa, na kwamba VAT ya asilimia 16 pamoja na ada nyingine za forodha hukokotolewa juu ya bei ikijumuisha usafirishaji. Mara nyingi hesabu hiyo humrudisha mtu Luthuli.

Uchaguzi wa modeli unahitaji macho. Kwenye jina la swichi za 2960 za kwanza, herufi ya mwisho L humaanisha LAN Base na S humaanisha LAN Lite, ambayo imepunguziwa uwezo, chukua L. Anayetaka swichi inayoelekeza pakiti kati ya VLAN atafute 3560. Jina la faili la IOS liwe na k9, la sivyo hakuna SSH, njia salama ya kuingia kifaa kwa mbali, na SSH imo kwenye mtihani. Halafu kuna vile vifurushi vinavyouzwa kama seti kamili ya CCNA, vyenye kadi za serial za WIC-2T na kebo zake nzito za buluu. Frame Relay, RIP na EIGRP hazimo tena kwenye orodha ya 200-301, wala usanidi wa viungo vya serial. Kwa hiyo kadi hizo zisiongeze hata shilingi kwenye bei unayokubali.

Muuzaji akisema, "Hii iko sawa kabisa, tuliitoa ofisini ikifanya kazi," mwombe stima. Chomeka konsoli, weka kasi ya 9600 kwenye programu ya PuTTY, na usome ukurasa mzima wa kuwaka kwake bila kukatiza. Amri ya show version itakupa toleo na jina la faili. Show inventory itakupa nambari ya utambulisho, ambayo uilinganishe na kibandiko cha nyuma. Show env all kwenye swichi itasema kama feni ni nzima. Pitisha kebo moja kwenye poti zote, moja baada ya nyingine, ukiangalia taa. Muuzaji mkweli atakuvumilia. Kisha udai risiti yenye nambari hiyo ya utambulisho, kwa sababu vifaa vya ofisi huibwa, na kupatikana na mali ya wizi ni kosa la jinai nchini.

Swichi iliyofungwa kwa nywila isikutishe wala isikupandishie bei. Shikilia kitufe cha Mode wakati wa kuwaka, ufute config.text na vlan.dat, na itaanza upya. Kwenye ruta katiza kuwaka, weka confreg 0x2142, uiwashe tena. Kwa kweli hilo ni zoezi zuri la siku ya kwanza, na itumie hali hiyo kuombea punguzo.

*Mada na uhalisia.* Hapa uhalisia ni kamili katika yale ambayo kifaa kinayafanya. Chomeka laptopu kwenye 2960 na taa ya poti itakaa rangi ya chungwa takriban sekunde 30 kabla ya kugeuka kijani: sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, STP ikihakikisha hakuna mzunguko. Weka PortFast, inayoruka hatua hizo, chomeka tena, na kijani huja papo hapo. Lazimisha duplex nusu upande mmoja na nzima upande wa pili, nakili faili kubwa, kisha utazame migongano ya kuchelewa ikipanda kwenye show interfaces. Mambo hayo mawili yako kwenye mtihani, na hakuna programu inayoyaonyesha kwa namna ya kukaa kichwani hivyo.

Uzee wa vifaa nao una somo lake, pengine lisilotakiwa. Laptopu yenye Ubuntu ya karibuni itakataa SSH ya swichi hizo kwa kuwa algoriti zake zimepitwa na wakati, mpaka uiamuru kuzikubali. Asilimia 10 ya uendeshaji kwa programu haigusiki ipasavyo humu, na kidhibiti cha Wi-Fi hakipo isipokuwa ununue kingine.

*Makao na stima.* Wengi huogopa tokeni, lakini hesabu haiogopeshi. Swichi mbili za 2960 zenye poti 24 hula wati 30 kila moja zikizidi, na ruta mbili za 1941 hula kama wati 35 kila moja, jumla wati 130. Kwa saa tatu kila siku hiyo ni chini ya yuniti 12 kwa mwezi, ambazo kwa mfano wa shilingi 30 kwa yuniti hazifiki shilingi 360. Zikiachwa zikiwaka usiku na mchana hesabu hupanda hadi yuniti 94 hivi na karibu shilingi 2,800, na hapo hata mwenye nyumba anayegawa bili ya stima kwa wapangaji atauliza. Kinachomshinda mtu hasa ni feni. Vifaa hivi viliundwa kukaa kwenye chumba cha seva kisicholala mtu, na vinne vikiwaka pamoja ndani ya bedsita haviruhusu hata kusikiliza somo la video bila vipokea sauti. Swichi ya 2960 yenye poti 8 haina feni, na kwa chumba kimoja inastahili kuongezewa bei kidogo.

*Baada ya mtihani.* Vinauzika tena, kwa mwanafunzi anayefuata, mara nyingi kwa hasara ndogo iwapo ulinunua kwa subira. Visitumiwe kama lango la intaneti la nyumbani: msaada wa Cisco kwa 1941 na 2901 ulikoma tarehe 31 Desemba 2022, hivyo mianya mipya ya usalama haizibwi.

*Inamfaa nani.* Ambaye hajawahi kugusa kabati la vifaa na anataka kazi ya kwenda kwa wateja, mwenye nafasi, na kikundi kinachochangia gharama.

MikroTik

*Gharama.* Hii ni kampuni ya Latvia, na vifaa vyake vipya hupatikana kwa urahisi jijini kwa sababu watoa huduma wadogo wa intaneti huvinunua kwa wingi. hAP lite, yenye poti nne na Wi-Fi, ni miongoni mwa vya bei ya chini kabisa. hEX yenye poti tano za gigabiti ina nguvu zaidi. Leseni ya RouterOS, mfumo endeshi wake, huja ndani ya kifaa, bila malipo ya mwaka. Anayetaka kuonja bila kununua ana CHR, toleo la mashine pepe, ambalo bila leseni limefungwa kwenye megabiti 1 kwa sekunde kwa kila poti, kasi inayotosha kujifunza.

*Mada na uhalisia.* Dhana ni zilezile, lugha ni nyingine. OSPF ya MikroTik huzungumza na ya Cisco bila shida, NAT ni NAT, na DHCP ni DHCP, lakini hakuna amri hata moja ya IOS utakayoizoea kwa vidole, na VLAN husanidiwa kwa mtazamo tofauti wa bridge. PVST+, yaani STP ya Cisco inayoendeshwa kwa kila VLAN peke yake, haimo. Mtahiniwa wa CCNA anayefanya mazoezi hapa peke yake ataelewa swali na kukosa jibu. Kwa upande mwingine, hiki ndicho kifaa pekee kati ya vyote vinne ambacho kitaendesha mtandao halisi wa nyumbani jioni hiyohiyo, chenye PPPoE (kuunganisha mteja kwa jina na nywila), foleni za kugawa kasi, hotspot ya vocha na firewall, na kosa lako lionekane pale nduguyo anapolalamika kwamba video imekwama. WinBox, programu ya kusanidi MikroTik, pia husamehe: ukijifungia nje kwa kanuni mbaya ya firewall, mara nyingi utaingia tena kupitia anwani ya MAC, na Safe Mode hurudisha mabadiliko ikiwa muunganisho umekatika.

*Makao na stima.* Hapa haina mshindani. hAP lite hutumia microUSB ya volti 5, kwa hiyo inaweza kuendeshwa na power bank stima ikipotea. Haina feni, nayo hutoshea kwenye droo.

*Baada ya mtihani.* Kwa anayetazama kampuni ndogo zinazosambaza intaneti katika mitaa kama Githurai, Kayole au Pipeline, ujuzi huu hutumika siku ya kwanza ya kazi. Cheti chake cha MTCNA hufanyiwa mtihani mwishoni mwa mafunzo yaliyoidhinishwa, si kwa kujisajili peke yako kama CCNA, hivyo gharama ya mafunzo ihesabiwe. Kwenye benki na mashirika makubwa, jina la Cisco kwenye wasifu bado husomwa kwanza.

*Inamfaa nani.* Fundi au anayetaka kuwa fundi wa mtandao wa mtaa, na mtahiniwa wa CCNA anayetaka kifaa cha pili cha kutumia kila siku.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa ada ya mtihani bado haijapatikana, swali la vifaa limejijibu: Packet Tracer, na kila shilingi iende kwenye ada. Ikiwa ada ipo na laptopu iliyopo ina gigabaiti 16, ongeza toleo la bure la CML na usinunue kitu kingine mpaka nodi 5 zikubane kweli, jambo ambalo huenda lisitokee kabla ya mtihani.

Ikiwa unafanya kazi ya usaidizi wa ofisini, unashika tarakilishi kila siku na unataka kuhamia timu ya mitandao, tarakilishi ya SFF yenye gigabaiti 32 ndiyo matumizi yenye mantiki, pamoja na mwaka mmoja wa CML-Personal ukianza kuzingatia CCNP. Anayevutiwa na uendeshaji kwa programu hana sababu ya kununua chuma chochote cha zamani.

Ikiwa hujawahi kushika kebo ya konsoli, changanya: Packet Tracer kwa ruta, na swichi moja au mbili za 2960 mkononi. Kwa maoni yangu swichi mbili zina faida kubwa kuliko ruta nne, kwa sababu mambo ya STP, trunk, EtherChannel na makosa ya poti ndiyo yanayopungukiwa zaidi na programu, ilhali uelekezaji wa pakiti huigizwa vizuri. Anayeishi chumba kimoja achukue ile ya poti 8 na aridhike.

Ikiwa tayari unafunga intaneti kwa wateja wa mtaani, anza na hEX unayoweza kuitumia kazini, na uifanyie CCNA mazoezi kwenye Packet Tracer jioni. Vitu hivyo viwili havigombani, mradi usitegemee kimoja kikufundishe amri za kingine.

Na ikiwa mko watatu au wanne mnaosomea mtihani mmoja, seti ya mitumba huwa nafuu kuliko inavyoonekana kwa mtu mmoja. Kubalianeni kwa maandishi nani amechangia nini, vifaa vikae kwa aliye na chumba cha ziada na stima ya kutegemewa, na muamue mapema vitauzwa lini na fedha zigawanywe vipi, hasa yule atakayefaulu mwanzo akitaka kuondoka na swichi yake.